Kwa Nini Mume Wangu Alilipwa Zaidi

Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu kushona. Mkataba wake wa ulinzi ulipoisha, alikaa nyumbani kwetu huku ugenini, mtaa wa Observatory, mpaka akaanza kugombana na masufuria, basi nikamwombea nafasi kwenye karakana ya mtaa wa jirani, Kensington, nilikokuwa nikishona sare za shule. Mwenye karakana, mjane kutoka kwetu Uvira, tulimwita Patroni. Alinipenda kama mwanawe. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyeniletea uji hospitalini, akambeba binti yangu kabla hata ya baba yake.

Alimkubali mume wangu kwa ajili yangu, akamkalisha kwenye cherehani ya jirani. Mwanzoni kola zake zilipinda vibaya, nami nilizifumua wakati wenzetu wanakula. Lakini ni mtu wa kujifunza. Muda si mrefu alikuwa anatoa mashati ya kuvutia, ingawa makoti na sketi za marinda bado vilikuja kwangu.

Nyumbani yeye alilipa kodi, mimi chakula na nauli, na kilichobaki kila mmoja alituma kwa wazazi wake. Hatukuwahi kuulizana zaidi ya hapo. Ndiyo maana sikuujua mshahara wake mpaka ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, tukingoja zigeuke, naye akaniambia kwa furaha kwamba sasa tunaweza kumnunulia mtoto kitanda chake mwenyewe.

"Kwa pesa gani?" nikauliza.

"Kwa mshahara wangu." Akautaja.

Teksi zilikuwa zinapiga honi, nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Taa zikawaka kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki pale pale.

"Kwani wewe unapata ngapi?"

Nilipomwambia, akasema, "Eish. Mimi siku zote nilijua wewe unanizidi."

Sikukasirika. Ningekasirika kama ningejua nimkasirikie nani. Mume wangu hakuniibia. Patroni ni mwanamke kama mimi, tena aliyenifaa kuliko ndugu zangu. Jumapili nzima nilikaa kanisani nikiimba bila kujua ninaimba nini.

Jumatatu nilimkuta Patroni anakata kitambaa. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, kwa nini mume wangu ananizidi mshahara?"

Mkasi ukasimama. "Nilimuuliza anataka ngapi, akasema alicholipwa kwenye ulinzi na kidogo juu yake. Wewe nilipokuuliza ulisema nikupe tu kazi."

Kweli nilisema hivyo. Nilikuwa mgeni, sijui hata njia ya kurudi nyumbani.

"Halafu," akaongeza, "yeye anabaki kufunga jioni. Wewe saa tisa unakimbilia shuleni kwa mtoto."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Na tena ana familia ya kulisha."

"Mama, hiyo familia si ndiyo mimi?"

Alicheka, halafu kicheko kikakatika. Alinitazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. "Sijui, mwanangu," akasema. "Bei ilitajwa tu, ikakaa hivyo."

Wakati wa chakula karakana nzima ilikuwa imeshasikia. Dada mmoja Mrundi, anayeshona vifungo, alisema hakuna cha kuchunguza. "Ni mwanaume, basi. Angekuwa dada yako asingepewa hiyo." Fundi mmoja mzee kutoka Lubumbashi akakataa. Alisema mshahara ni kama kodi ya nyumba: anayeingia leo anapata bei ya leo, aliyeingia zamani anabaki na ya zamani, awe mwanamke awe mwanaume. Yeye mwenyewe, alisema, vijana walishampita. Dada alipozungumza niliona ana haki. Mzee alipozungumza nikaona yeye ndiye mwenye haki. Mume wangu aliinamia chakula chake, masikio yamemwiva.

Jioni ile akaniambia, "Tubadilishane. Mimi nitamchukua mtoto, wewe ubaki ufunge. Tuone kama shida ni zile saa."

Tukafanya hivyo. Nilidhani sasa mambo yatajieleza yenyewe, kumbe ndipo yalipovurugika. Saa tisa mume wangu alipoinuka, Patroni alimsindikiza mpaka mlangoni. "Huyu ndiye baba," alisema, akamfungia vipande vya kitambaa amshonee binti yetu gauni. Miaka yote nilipoinuka saa ile ile, hakuna aliyeniambia mimi ndiye mama. Mwisho wa mwezi mshahara wake haukupungua. Wangu uliongezwa kidogo, ila bado haukumfikia.

Kwa hiyo zile saa zilikuwa na maana, kwani nyongeza nilipata, na hazikuwa na maana, kwani bado alinizidi. Niligeuza jambo hilo kichwani nikipiga pasi, nikaligeuza tena nikipika.

Na kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia yule dada Mrundi. Nilianza kuikosa ile safari ya kutoka shuleni. Mtoto alizoea kunisimulia siku yake kwa Kiingereza chake cha haraka, nami nikimjibu kwa Kiswahili. Sasa nilipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza habari zote kwa baba yake. Nikajiuliza: zile saa nilinyang'anywa au nilizitaka mwenyewe?

Mwishowe nilirudi kwa Patroni. Nilikuwa nimejiandaa kutaja kila koti nililoshona. Nikasema tu, "Mama, nataka unilipe sawa na mume wangu."

"Sawa," akasema. "Kuanzia mwezi huu."

Nikabaki nimesimama. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka tugombane?"

"Mbona hukunipa zamani?"

Akainamia kitambaa chake akakilainisha kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. "Hakuna aliyewahi kuniomba nyongeza," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nilipoajiriwa sikuwahi kumwomba mtu."

Sasa tunalipwa sawa, na tunapokezana kwenda shuleni. Mzee wa Lubumbashi alisikia akafurahi. "Unaona? Ulikuwa umebaki na bei ya zamani. Umeomba ya leo, umepata." Dada Mrundi akabetua midomo. "Ameiomba ya mume wake, baba. Angetaja bei yake mwenyewe, ungesikia jibu la Patroni." Wakaendelea kubishana juu ya mshahara wangu mpaka chai ikapoa, na kila mmoja alipogeuka kuniuliza kama hasemi kweli, nilitikisa kichwa kukubali.