Robo Aliyoidai Wakili

Jokha alikuwa akifungasha mikate kiwandani Stechford, huko kwa Waingereza, zamu ya asubuhi, na muda uliobaki akimhudumia mwanawe Safiya. Tangu degedege lililomshika siku chache baada ya chanjo, mtoto hakuweza tena kukaa wala kusema. Madaktari walimwambia ni jambo la nadra mno, na Jokha hakuwalaumu. Hasira yake ilikuja baadaye, na ilimhusu wakili.

Serikali ilikuwa na malipo maalumu kwa watu waliodhurika hivyo, pauni laki moja wakati ule. Mwaka 2003 Feisal, wakili mwenye ofisi Coventry Road juu ya duka la vitambaa, alimjazia fomu, akamsainisha mkataba wa kurasa nne za Kiingereza kigumu. Maombi yakakataliwa, eti ulemavu haukufika kiwango. Jokha alipotaka kukata rufaa, Feisal akasema kesi haina mashiko, na kwamba hatakwenda barazani, mbele ya wanaosikiliza rufaa, bila kulipwa kwanza.

Basi akaenda mwenyewe. Jirani yake Magdalene, nesi wa Kikenya, alimsaidia kukusanya ripoti za hospitali na kumfafanulia maneno ya kidaktari. Miezi mitano Jokha aliandika kila degedege daftarini, siku na saa. Mbele ya watu watatu wa baraza alizisoma kurasa zile kwa Kiingereza chake cha kiwandani, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwenyekiti akamwambia apumzike. Alikataa, akasoma mpaka mwisho. Akashinda.

Wiki mbili baadaye ikaja bili ya Feisal: robo ya fedha zote. Pauni elfu ishirini na tano.

Alipanda ngazi za ofisi ile na wavu wa nywele wa kiwandani bado kichwani. Feisal akamwonyesha kiti, lakini Jokha hakukaa. Feisal akamweleza kwa upole kwamba mkataba unampa robo ya chochote kitakacholipwa, awe amekwenda barazani au hakwenda.

"Siku niliyosimama mle barazani, wewe ulikuwa wapi?" Jokha akauliza.

"Bi Jokha, saini ni yako."

"Na mtoto ni wangu. Hizi ni pesa za mtu wa kumgeuza kitandani nikishakufa mimi. Robo hupati. Nishitaki."

Akamlalamikia kwa wasimamizi wa mawakili. Kwa miezi tisa Feisal alimtumia barua za vitisho, na kila moja ilimzidishia ghadhabu, lakini alizijibu zote. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Feisal alistahili malipo ya saa mbili tu, za kujaza fomu ambayo mtu yeyote angeipata bure.

Jokha akampelekea pauni zake mia tatu, akadai risiti. Feisal akasema anatumaini hakuna kinyongo kati yao.

"Kipo," Jokha akamjibu, "na nitakaa nacho."

Feisal aliendelea na kazi. Wateja waliendelea kupanda ngazi zile, wengi wao akina mama, na Jokha kila alipowaona kutoka dirishani mwa basi hasira yake ilianza upya.