Mpangaji Mwenye Jua

Mnavu ndio uliotuambia. Mama alikuwa ameupanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, kwa sababu hawezi kumaliza mwaka bila mboga chungu na madukani hapa haipatikani. Novemba jua la Stockholm huchungulia kidogo tu, na alasiri giza limeshaingia, kwa hiyo mimea yote ya ndani hujipinda kuelekea kioo kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Mnavu wetu ulijipinda upande mwingine. Uliinamia ndani, kwenye korido, kuelekea mlango wa mpangaji. Mama aliigeuza ndoo. Baada ya siku chache ukageuka tena.

Mimi nina tabia ya kulifikiria jambo mpaka linachakaa. Niliwaza bomba la joto lililopita ukutani, niliwaza mizizi kuoza, nilisoma mtandaoni mpaka macho yakauma. Mama hakuwaza chochote. Alikwenda akagonga mlango, akamuuliza mwenyewe.

Chumba kile kilikuwa changu. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, kungoja kazi, na kazi ilipochelewa Mama akaamua tupangishe chumba, nami nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Nina shahada mbili na najua kila chemchemi ya kochi lile kwa mbavu zangu. Aliyekuja kupanga alikuwa Mkosaki, mmoja wa wale watu wa nyika za kusini mwa Urusi ambao tangu zamani hulelewa na farasi na upanga, na kila mtawala akiwa na vita huwaita. Alikuwa amepigana katika vita hivi tunavyovisikia kila siku, kisha akatoroka. Alikuwa mtu mzima, mvi kwenye masharubu, mabega mapana yaliyoanza kushuka. Alivaa koti zito la ngozi ya kondoo na hakulivua, hata ndani ya nyumba, hata mezani. Kiswidi chake kilikuwa kibovu, lakini mimi naogopa Kiswidi cha watu wanaokijua vizuri, kwa hiyo tulielewana.

Mama alimfundisha kusema asante na karibu. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kwa sauti ya kijeshi, akiwa ameshikilia kikombe chake kwa mikono miwili.

Mama alipomuuliza kuhusu mnavu, hakukataa. Alituketisha jikoni, akaeleza kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Kwao, mwanamume mmoja katika kila kizazi huzaliwa na jua mikononi. Babu yake alilitumia kuivisha ngano mvua ilipotaka kuwahi, na kukausha majani ya farasi. Yeye alilipata utotoni, akamkaushia mama yake matunda juu ya bati. Halafu vita vikaja, na jeshi likapata habari.

"Kwanza walinitumia kama tochi," alisema. "Baadaye kama kiberiti."

Hakusema aliwasha nini. Alisema tu kwamba ameapa kutolitoa tena, na kwamba hapa kwetu anaomba jambo moja: asiombwe. Kodi atatoa, takataka atashusha, ngazi atafagia zamu yake ikifika. Jua, hapana. Mama akaweka mkono kifuani akamwambia kwamba katika nyumba yake hakuna atakayemwomba. Nilimtafsiria. Alimwangalia Mama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka.

Mama alikuwa mkweli siku ile. Nasema hivi kwa sababu nimemkasirikia mno tangu hapo, na nikikasirika husahau kuwa mtu anaweza kuahidi kwa moyo wote.

Tuliishi vizuri kwa wiki kadhaa. Nyumba ilikuwa na joto ambalo halikutoka kwenye mabomba, na hatukulitaja. Jioni alikula nasi. Alipenda ugali, alisema unamkumbusha uji mgumu wa kwao. Mama, anayefanya kazi katika nyumba ya wazee na hurudi amevimba magoti, alianza kukaa kwenye kiti kilicho karibu na chake. Niliona. Lakini kukaa kwenye kiti si kuomba.

Desemba ikaja sherehe ya kufunga mwaka ya watu wanaozungumza Kiswahili. Hukodi ukumbi kule Hjulsta, mwisho kabisa wa reli ya bluu, na huja watu wa kila namna: Watanzania waliokuja zamani kusoma wakasahau kurudi, Wakongo wa mashariki na kwaya zao, Warundi, Wakenya wachache wenye haraka. Watoto hujibu kwa Kiswidi na wazazi huzidisha sauti kwa Kiswahili, kana kwamba tatizo ni masikio. Mama akasema hatuwezi kumwacha mgeni peke yake nyumbani siku kama ile, watu watatuonaje. Nilifikiri kelele zitamchosha, nikafikiri labda atafurahi, nikafikiri nikikataa Mama atasema namwonea haya. Nilipomaliza kufikiri wote wawili walikuwa wameshavaa viatu.

Alikaa nyuma ya ukumbi, amevaa koti lake, anakula pilau. Watoto walimzunguka kwa sababu kona yake ilikuwa na joto. Basi.

Kwetu mgeni haachwi hivyo. Kanisani, harusini, kwenye kikao cha msiba, lazima itafika saa ya kusema wageni wasimame tuwaone. Kutotambulishwa ni kama kunyimwa maji. Mshereheshaji wetu, Mtanzania anayeendesha basi siku za kazi na kushika kipaza sauti Jumamosi, alimwona Mama akamuuliza umetuletea nani. Mama akasema ni mpangaji wetu, ametoka vitani, mkaribisheni. Hakutaja jua. Namtetea kwa hilo.

"Asimame baba yetu," mshereheshaji akasema. "Mtu aliyetoka vitani hapigiwi makofi mabichi. Tunampa makofi ya kilo. Haya, pasheni viganja!"

Asiyeyajua makofi hayo, ni hivi: kwanza watu wote husugua viganja pamoja, kwa kasi, mpaka vipate moto, huku kiongozi akihimiza, kisha hupiga kofi moja kwa pamoja, zito, kama kitu kimeangushwa. Ni heshima. Nimeyapiga tangu utotoni bila kuyafikiria, na mambo ninayofanya bila kufikiria ni machache sana.

Ukumbi mzima ukasugua. Sauti yake ni kama mvua inayokuja juu ya mabati. Nilimgeukia Mkosaki ili nimweleze, nikaona uso wake umekuwa mweupe. Sahani ilimponyoka. Aliangalia ile mikono yote, mikono ya akina mama, ya wazee, ya watoto waliopanda viti, akatikisa kichwa polepole, na midomo yake ilisema neno la kwao nisilolijua. Halafu mikono yake ikafunguka yenyewe, kama ya mtu aliyerushiwa mtoto.

Jua likaingia.

Sina namna ya kulisema kwa unyenyekevu zaidi. Halikuwa taa wala moto. Lilikuwa jua la saa nne asubuhi, la nyumbani, lenye uzito begani, na lilijaa ukumbi ule usio na madirisha. Niliona vumbi hewani. Maputo yakapasuka moja baada ya jingine, mapambo ya karatasi yakafifia rangi, maua ya plastiki kwenye meza kuu yakalegea. Mzee mmoja alivua kofia akainua uso, machozi yakamtoka. Kisha likazimika, na Mkosaki akawa amepiga magoti katikati ya pilau iliyomwagika.

Nilidhani watakimbia. Hawakukimbia. Walishangilia. Kwaya ya Wakongo ilianza wimbo, mtu akapiga vigelegele, na mshereheshaji akasema: "Tumpe tena kilo!"

Nilimshika mkono nikamtoa nje. Kiganja chake kilikuwa baridi kama chuma.

Kwenye treni alinieleza. Jua lake haliji kwa mkono mmoja. Kwao, kabla ya mavuno, ukoo mzima ulimzunguka babu yake ukasugua viganja, kila mmoja akachangia joto lake, ndipo jua likaja. Jeshi likajifunza. Kwenye mahandaki waliwapanga vijana, wakatoa amri, vijana wakasugua viganja, na mikono yake ikafunguka atake asitake, wakamwelekeza upande wa kuwaka. Alisema vijana wale wengi walikuwa wakicheka, kwa sababu mchezo ule uliwapasha joto. Akatazama dirishani, ingawa tulikuwa chini ya ardhi na hapakuwa na cha kuona.

Tangu kesho yake kengele ya mlango wetu haikutulia. Walikuja na matatizo ya kweli, hilo ndilo linalouma. Mama mmoja kutoka Bukavu alikuja na mwanawe ambaye kila baridi hujifungia chumbani na hataki kula. Wengine walikuja na viuno, vifua, huzuni isiyo na jina. Wengine walikuja na ungo. Sitanii. Walikuja na kisamvu cha kukausha, dagaa, muhogo uliokatwakatwa, kwa sababu hapa huwezi kuanika kitu. Na wote walikuja na adabu, na chakula, na salamu ndefu.

"Mama, uyu muzungu yako ni mutu ya Mungu," yule mama wa Bukavu alimwambia Mama mlangoni. "Kwa nini unamuficha?"

Jirani wa Kitanzania akadakia kutoka kwenye ngazi kwamba wamefuga jua ndani wenzao wanalala na soksi. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na niliposikia kicheko kile nilijua tumekwisha. Kwetu mwenye kinu huazimisha kinu, mwenye ngazi huazimisha ngazi. Anayekataa ni mchoyo, na Mama angeweza kuitwa jina lolote isipokuwa hilo.

Hata hivyo aliwarudisha. Kwa majuma alisimama mlangoni, anasema amelala, anaumwa, ametoka. Mkosaki alikuwa chumbani akisikia yote. Hakuelewa maneno, lakini kuombwa hakuhitaji tafsiri. Alianza kula kidogo. Koti alilifunga mpaka shingoni.

Asubuhi moja ya Februari Mama alirudi kutoka zamu, barafu ikiwa imeganda njia nzima kutoka kituoni. Alikuwa ameteleza. Alikaa jikoni bila kuvua viatu, akipumua kwa mdomo. Mimi nilikuwa mezani naandika barua ya kuomba kazi Sundbyberg, sentensi ile ile kwa mara ya ishirini. Mkosaki alikuwa anachemsha chai. Mama alimtazama, akashika magoti yake, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Baba, kidogo tu. Hapa magotini. Sitaomba tena."

Kisha akaanza kusugua viganja vyake.

Mama hakunisubiri nitafsiri, wala Mkosaki hakunigeukia. Aliweka birika chini, akapiga magoti mbele ya Mama, akafungua mikono. Jua lililotoka lilikuwa dogo, kiasi cha sahani. Mama alifumba macho. Alilia bila sauti, na uso wake ukawa wa msichana ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Nilitaka kumkaripia. Nilitaka pia kusogea karibu, na hilo ndilo ninalolirudia kichwani.

Mama alipokwenda kulala, nilimwomba Mkosaki radhi kwa niaba yake. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima. Alinikatiza.

"Jeshini waliniamuru," alisema. "Mtu anayekuamuru unaweza kumkimbia ukalala usingizi. Huyu ananipa chakula."

Nikamwambia Mama hataomba tena, ameahidi.

"Ataomba. Nami nitatoa. Na kesho atamleta yule mama na mtoto, na nitampa na yeye, kwa sababu nitawezaje kumnyima? Halafu siku moja watakuja na adui yao."

Nilisema sisi hatuna maadui, nikajisikia mjinga kabla sijamaliza. Alinigusa bega kwa upole na kuingia chumbani.

Kesho yake alikuwa ameondoka. Kitanda kimetandikwa kijeshi, funguo juu ya mto, sakafu imepigwa deki. Kwenye kiti cha Mama jikoni alikuwa ameacha koti lake la ngozi ya kondoo, limekunjwa.

Mama anaamini waliomfukuza ni wale wa kengele. Huwataja mmoja mmoja, na kanisani hawasalimii baadhi yao. Mimi sijamwambia alichokisema Mkosaki, wala sioni faida yake. Chumba changu nimekirudia. Mnavu ulibaki umeinamia mlango wangu kwa muda, nikiamka nauona, kisha ukageukia dirisha kama mimea mingine, na Mama akauchuma.

Jioni za baridi hukaa na koti lile magotini. Anasema lina joto mpaka leo, na anasema Mkosaki aliliacha kwa sababu halihitaji, mwenye jua koti la nini. Nami nikiwa kituoni, nangoja treni, upepo unatoka upande wa ziwa, hurudia hesabu ile ile ambayo haitoki. Mtu yule hakulivua koti lile hata siku moja. Alikula nalo. Kiganja chake, kila nilipokigusa, kilikuwa baridi. Na siku ile aliyoondoka ilikuwa Februari.