Mawe Ambayo Sikuyaulizia

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa kwa sababu nilifika mapema mno. Geti la ofisi ya mradi wa maji pale Dodoma lilikuwa bado limefungwa. Nikaona haya kusimama kama mwombaji, nikazunguka mtaa mara nne nikirudia kimoyomoyo majina ya Kiingereza ya vifaa vya pampu. Niliporudi, mkutano ulikuwa umeshaanza. Mratibu wa mradi alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mkalimani akichelewa, sisi wengine wote ni mabubu. Kaa."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Mitumba ilijaa sokoni, ofisi za serikali zilikuwa zinapunguza watu, na wafadhili walikuwa wanaongezeka. Kila gari jeupe lililoingia mjini lilihitaji mtu wa kusema badala ya aliyekuwa ndani yake. Vijana mnaoifanya kazi hii leo mna vyeti. Mimi nilikuwa na darasa la saba na kamusi isiyo na jalada. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe Kondoa, nyuma ya kaunta ya duka la baba, kwa kunakili kamusi hiyo ukurasa baada ya ukurasa kwenye madaftari. Ndiyo maana niliogopa kila neno. Msomi akikosea, watu husema ameteleza. Aliyejifundisha akikosea, ameumbuka.

Kazi yenyewe ilikuwa na namna mbili. Ya kwanza ni kufuatana: mgeni anasema, ananyamaza, nawe unasema baada yake, daftari mkononi lenye vialama vyako vya kukumbushia. Ya pili ni kunong'ona: unakaa ubavuni mwake na kumwaga maneno sikioni wakati wanakijiji wanaendelea kubishana. Kanuni ilikuwa moja kwa zote mbili, na Mratibu aliirudia kila tulipopanda gari: "Mkalimani hana maoni. Ukiwa na maoni, yaache Dodoma."

Nilifuata kanuni hiyo kwa bidii ya kijinga.

Kijiji cha kwanza kilikuwa njia ya Kondoa. Sitakitaja, wenyewe wanakijua. Mradi ulikuwa na fedha za visima vichache tu, na mtaalamu wa kigeni alikuja na fomu ya kuchagua vijiji. Swali kubwa kuliko yote kwenye fomu hiyo lilibebwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza, "anticipate." Kijiji hiki, kuhusu maji, kina-"anticipate" nini? Nikasimama mbele ya mkutano, suruali imenyooshwa kama ya bwana harusi, nikasema kwa sauti:

"Mgeni anauliza, mnatarajia nini?"

Wakatazamana. Bibi Mbeleje, mama mrefu aliyekuwa mjumbe wa kamati ya maji, akasimama.

"Kutarajia? Sisi?"

"Ndiyo, mama. Mnatarajia nini?"

"Basi andika, baba. Tunatarajia kisima. Na zahanati."

"Na josho la ng'ombe!" akadakia mzee mmoja.

"Na mashine ya kusaga!"

"Muulize mgeni kama ana mchumba," kijana mmoja akasema nyuma, na mkutano mzima ukacheka.

Nilitafsiri yote, hata la mchumba, kwa usahihi niliojivunia. Mtaalamu aliacha kuandika walipofika kwenye josho. Ndani ya gari alisema, kwa upole kabisa, kwamba hawa ni watu wa kungoja kuletewa. Akapiga mstari juu ya jina la kijiji. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia kalamu ikikwaruza karatasi. Maoni nilikuwa nimeyaacha Dodoma.

Niseme ukweli wote: sikunyamaza kwa ajili ya kanuni peke yake. Niliona nimefanya kazi safi. Kilichonirudisha kwenye kamusi ni wasiwasi wangu wa kawaida wa kukagua kila neno baada ya safari. Chini ya kila neno kulikuwa na maandishi madogo ya asili yake, ambayo miaka yote niliyanakili bila kuyatafakari. Yalisema kitenzi kile kimetoka kwenye Kilatini, kimeungwa kwa vipande viwili: "kabla" na "kutwaa." Kulitwaa jambo kabla halijakufikia. Kuliwahi. Waingereza wenyewe wamelilegeza neno hilo siku hizi hadi wengi hulitumia kwa maana ya kungojea tu, lakini shina lake ni mtu aliyenyoosha mkono, siyo aliyekaa akitazama barabara.

Nilikimbia kwa mtaalamu. Nikamuuliza, pale kwenye fomu alikusudia nini hasa?

"Nilitaka kujua wamejiandaaje," akanijibu. "Wamefanya nini kabla hatujaja."

"Mbona hukuuliza hivyo?"

"Niliuliza. Wewe ndiye uliyewaambia nimeuliza nini."

Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Nikaenda kwa Mratibu. "Mzee, nimekosea neno. Asili yake ni kutwaa kabla, na mimi..."

"Kijana, asili ya neno itachimba kisima?"

"Lakini kijiji kimefutwa kwa kosa langu."

"Muone Mhandisi wa Maji."

Mhandisi wa Maji alisema hilo ni la Ofisa Mipango. Ofisa Mipango, bila kuinua macho, alisema, "Andika barua. Orodha haijafungwa."

Barua! Mtu mwingine angeiandika asubuhi na kuipeleka mchana. Mimi niliiandika mara saba. Nilibadilisha aya, nikatilia shaka koma, nikaona neno "tafadhali" limekaa vibaya, nikaomba mashine ya chapa ya ofisi, nikakosea herufi moja, nikaanza upya. Ilikuwa barua nzuri sana. Ilifika wiki moja baada ya orodha kufungwa. Ofisa Mipango aliisifu kwa Kiingereza chake.

Kijiji cha pili kilikuwa upande wa Mtera. Huko sikuuliza wanatarajia nini. Baada ya salamu za Kigogo za "mbukwenyi" niliuliza, "Kwa ajili ya maji haya, mmetanguliza nini?" Hawakujibu kwa maneno. Walituchukua kwa miguu hadi kwenye lundo la mchanga walioubeba kichwani, na mawe, na uzio wa miiba waliouzungushia mahali pa kuchimbwa ili ng'ombe wasipakanyage. Mtaalamu aliandika hadi akageuza karatasi. Kisima walikipata. Mratibu alinipigapiga begani, nami nikafurahi, kisha nikajichukia kwa kufurahi.

Baadaye nilihamishiwa Kondoa, kisha Mtera, kisha nikarudi makao makuu ya mkoa. Nilihudumu chini ya Wahandisi wa Maji watatu na sikumbuki ni semina ngapi. Vijana walioniuliza siri ya kazi niliwaambia wakague asili ya maneno. Sikuwaambia kwa nini.

Nilipostaafu nilijijengea chumba cha vitabu nyumbani Nkuhungu, mjini Dodoma, na sikuweza kusoma ndani yake; kila ukurasa ulinirudishia mkwaruzo wa kalamu ile. Siku moja nikapanda basi la Kondoa na kushuka njiani, kwenye kijiji kile cha kwanza. Bibi Mbeleje alikuwa hai, amekaa kivulini mwa tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, amepungua mwili lakini si macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule Bwana Kutarajia?"

Kumbe walikuwa wamenipa jina. Nikamweleza: fomu, kitenzi, kosa langu, barua. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mawe tulikuwa nayo," akasema. "Nyuma ya tembe hili hili. Tuliyabeba kiangazi kizima kabla gari lenu halijafika. Siku ile mlikaa mmeyapa mgongo."

"Mbona hamkusema, bibi?"

"Uliuliza tunatarajia nini. Mtu akikuuliza unachotarajia, utamwonyesha ulichonacho?"

"Yako wapi sasa?"

"Tumeyajengea choo cha shule. Mawe hayamngoji mtu. Maji bado tunafukua korongoni." Akanitazama mikono. "Na leo umetuletea nini?"

Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili za kuomba radhi, nilizozinakili mara tano mpaka hazina doa. Nilikuwa nimetarajia kusamehewa. Nilitoka mjini kwenye bomba, nikapita njia nzima kuja kwa watu wenye kiu, na sikuwa nimetanguliza hata dumu moja la maji.

Nilizitoa zile karatasi. Yeye alikuwa ameshainuka kwa fimbo yake, akaingia ndani, akarudi na maji kwenye kata ya kibuyu. Yalikuwa na rangi ya udongo.

"Kunywa kwanza, mwanangu," akasema. "Ndipo usome."

Nikanywa. Sikusoma.