Mashine ya pinboli imevishwa leso Kinondo

Jamani, leo shangazi yangu ameingilia filamu ya watu!

Wapiga filamu wamekodi sebule yetu. Wakaleta mashine ya pinboli, ile ya taa na gololi ya chuma, jambazi wa filamu aicheze akimsubiri adui yake.

Sasa, kwenye kioo cha mashine pamechorwa mwanamke nusu uchi.

Adhana ikaanza. Shangazi akamfunika kwa leso.

Mwelekezi wa filamu: "Mama, tuko kazini, toa leso."

Shangazi: "Nami niko kwangu, mwanangu. Hapa huswaliwa."

Mwelekezi akasalimu amri. Akamwita jambazi.

Akaingia kifua wazi.

Na mnajua leso huuzwa doti, pande mbili. Upande wa pili ulikuwa begani mwa shangazi.

Sasa jambazi na mashine wako sare, kama mashangazi wa bwana harusi. Bastola imechomekwa juu ya maandishi ya leso, "Hasidi hana sababu".

Nyinyi mngemwogopa?