Ini Lisilokunywa Supu

Mwaka 2008, barabara zilipofunguka tena baada ya ghasia za uchaguzi, mama alishuka kutoka Elburgon akaja kukaa nami Nakuru ili amalize dawa za kifua kikuu. Mwezi wake wa pili kwangu macho yake yakawa ya manjano. Daktari alimsimamishia dawa, akasema ini limelemewa, tungoje lipoe ndipo aanze tena polepole. Mama alisikia neno moja tu, kusimamisha, akatangaza kwamba vidonge harudii tena. Niliogopa sana. Kifua kikuu hakimngoji mtu apumzike.

Kichekesho ni kwamba masomo yangu ya uzamili yalihusu hayo hayo, ini na dawa. Ndani ya kompyuta kuukuu iliyomeza nusu ya meza ya kulia, nilikuwa nimeunda ini la hesabu: unalilisha dawa, linaivunjavunja, na mstari kwenye skrini unapanda au kushuka kuonyesha sumu iliyobaki. Niliingiza uzito wa mama na vidonge vyake. Mstari ukapanda kidogo, ukashuka. Nikarudia. Ini langu halikuona shida yoyote, nami nikaanza kulichukia.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo maini yako," akasema, "inakunywanga supu?"

Nikageuka. Supu gani? Ya mifupa na magome machungu, ile tunayonyweshwa kwetu tangu utotoni kusafisha damu. Alikuwa akiichemsha nikiwa chuoni, kikombe asubuhi na kingine jioni, ili vidonge vimkae vizuri. Daktari hakuambiwa kwa sababu aliuliza kuhusu dawa, na supu ni chakula. Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Sikujua magome yale yana nini. Nilibahatisha namba nikaijaribu. Mstari ulipanda ukakwama huko juu. Nikaitoa supu, ukashuka taratibu. Mama aliutazama kwa muda.

"Na sumu yangu itashuka hivyo?"

Nikamwambia sijui, mashine haimjui yeye, ila daktari lazima asikie habari ya supu. Kesho yake alimweleza mwenyewe, bila haya. Supu ikakoma. Macho yalipotakata alikubali kurudishiwa vidonge, aina moja moja, na kila akimeza alipita mezani kuuangalia mstari wangu, kama anayemjulia hali jirani.

Siku aliyomaliza dozi alikuta kompyuta imezimwa.

"Washa," akasema. "Uiambie mwenzake amepona."