Pua ya Bati

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara, kila mke wa mtumishi wa serikali pale Sumbawanga alikuwa na mradi, kwa sababu mshahara wa mume ulikuwa unafika nyumbani umechoka. Jirani yangu wa kulia alifuga kuku wa kizungu. Wa kushoto alikaanga maandazi. Mimi nilinunua pikapu iliyotumika Japani, ikiwa bado na maandishi ya kwao mlangoni, na hakuna mtu Rukwa nzima aliyeweza kuniambia kama ni jina la kampuni au ni onyo.

Aliyeniuzia alisema ina tabo. Nikamuuliza tabo ni nini. Akasema ni kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini, ili gari dogo lipande mlima kama kubwa. Nikamuuliza kama gari linaweza kutembea bila hicho kifaa. Akasema linaweza. Basi, nikamwambia, king'oe unipunguzie bei. Hakuking'oa, ila bei ilishuka. Miezi michache baadaye nilianza kufikiri kwamba labda aliking'oa nilipogeuka.

Biashara yangu ilikuwa kubeba dagaa na akina mama wenye dagaa kutoka Kabwe, kule ziwani, kuwaleta sokoni Sumbawanga. Dereva alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, aliyewahi kuendesha Landrova ya serikali na mpaka siku zile alikuwa anakanyaga mafuta kama vile yanalipwa na serikali. Tambarare tulikwenda vizuri. Shida ilikuwa mlima wa kutoka ziwani. Tukianza kupanda, moshi mweusi unatoka nyuma kama tunachoma matairi, injini inakohoa, shemeji anarudi gia ya kwanza, na akina mama wanashuka kutembea.

Nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, na siku moja niliwahesabu wakishuka: kumi na mmoja. Nikawahesabu juu wakipanda: kumi na wawili. Wa kumi na mbili alikuwa amelala nyuma ya magunia mlima mzima, amevutwa bure wenzake wakitoka jasho. Walimsema mpaka Namanyere.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene wa Kabwe mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya maji. Yeye akisema mzigo unapanda gari fulani, wote wanapanda. Jumamosi moja tulifika sokoni saa saba mchana. Wanunuzi wakubwa wa dagaa walikuwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Rukwa. Walinunua kwa gunia, na ikifika saa sita wameshaondoka kurudi kwa ng'ombe wao. Tulikuta uwanja, mbwa wawili na mtu wa ushuru.

"Mama Pikapu," akaniambia yule mama, bado amekaa juu ya gunia lake. "Hii mara ya ngapi?"

"Ya pili."

"Hesabu tena, wewe si unapenda kuhesabu."

Nikahesabu tena. Ilikuwa ya tatu.

"Jumamosi ijayo tukikuta mbwa, mizigo yote inahamia kwa Haji. Lori lake halina mbwembwe za tabo, lakini sijawahi kulishuka mlimani."

Haji alikuwa mwenye duka la nguo pale mjini na lori moja kuukuu, mtu wa adabu sana, anayekusalimia vizuri huku anakunyang'anya wateja. Bila wale mama pikapu yangu ilikuwa kibanda cha kuku chenye matairi, na jirani wa kulia alishaniuliza kama ninaiuza.

Nilizunguka kwa mafundi wa mjini. Wote walijua Landrova. Wa kwanza alisema tabo ni kwa ajili ya nchi za baridi. Nikamwambia Sumbawanga mwezi wa sita watu wanalala na makoti, akasema baridi ya Japani ni nyingine. Wa pili alitaka kuifungua aone kilichomo. Nikafunga boneti kabla hajapata spana.

Aliyenisaidia nilimwendea kwa jambo jingine kabisa. Pale Pito alikuwepo mzee mhunzi aliyekuwa ananunua springi za magari zilizokatika, anazifua kuwa majembe. Mimi nilikuwa na springi. Nilipofika, alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Gari lako lina njaa."

"Dizeli imejaa, baba, nimejaza asubuhi."

"Sijasema chakula. Moshi ule mweusi ni moto unaokula bila kupumua. Linanyimwa hewa."

Shemeji akacheka. Mzee akamtazama taratibu kuanzia viatu. "Wewe babu zako walikuwa wanafanya nini?"

"Wakulima."

"Wangu walijenga malungu." Malungu ni yale matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu. Mabaki yake bado yanaonekana vichakani huku Ufipa. "Hakuna aliyepuliza mivukuto pale. Tanuru lilivuta hewa lenyewe, kwa sababu lilijengwa na watu wanaojua hewa inapenda kupita wapi. Kama udongo uliweza, Mjapani anashindwaje? Fungua."

Tukafungua. Akapitisha mkono nyuma ya rejeta, mahali mdomo wa kuvutia hewa ulipokuwa, akautoa haraka. Palikuwa pa moto. "Umeona? Unalilisha makombo. Hewa hii rejeta imeshaitafuna, ndiyo injini inapewa." Kisha akatoa chujio la hewa, akalipiga kwenye kisiki mara ishirini na mbili. Vumbi jekundu lililotoka lingeotesha maharage. Mwishoni akadondoka panzi mzima, mkavu, miguu yote sita.

Shida aliiona mwenyewe. Chini kuna vumbi na joto, kwa hiyo gari lile lilitakiwa kuvuta hewa juu, nje, penye ubaridi. Lakini kwenye malungu ya kwao hewa iliingia chini na moshi ukatoka juu, na mzee alikuwa anaona aibu kugeuza. Aliizunguka pikapu mpaka chai ikapoa. "Juu ni pa kutolea," alisema mara kadhaa, peke yake. Mwisho akakohoa: "Haya. Watu watatucheka, lakini litapanda."

Tukaingia kwenye malipo. Hakutaka fedha, alitaka majani sita ya springi. Nikasema mawili. Akasema kwa mawili atanitengenezea bomba la kufika kwenye kioo tu. Tukakubaliana manne. Nikayahesabu yakiwa chini, manne. Nikayahesabu yakiwa kwake, matano. "La tano ni la panzi," akasema. Nikaliacha.

Alikunja bati la kuezekea likawa bomba, akalipiga ribiti, akalisimamisha kwenye kona ya kebini mpaka juu ya paa. Mdomo aliupanua kama tarumbeta, akaugeuza nyuma mvua isiingie. Kutoka kwenye bomba hadi kwenye sanduku la chujio aliunga kwa mpira wa tyubu ya lori, na kila kiungo akakikaza kwa waya asiachie vumbi hata tundu la sindano. Tukawasha. Shemeji akakanyaga mafuta, na ule mpira ukanywea, ukabanana pande zote mbili kama shavu la mtoto anayenyonya embe, injini ikazima.

"Lina nguvu!" mzee akasema, amefurahi kweli. Hakuona kama ni hasara. Akakunja pete sita za waya mnene, akazipanga ndani ya mpira usinywee. Tukawasha tena.

Ndipo nikaisikia tabo. Mluzi mwembamba, unapanda jinsi mguu unavyoshuka. Mwaka mzima nililipia kitu ambacho hakikuwahi kufungua mdomo. Tulipanda kutoka Pito kwa gia ya tatu, nyuma hakuna moshi. Tulipofika Izia shemeji akasema, "Shemeji, hili gari lilikuwa linatudharau."

Mjini walicheka kama mzee alivyosema. Kila mtu aliliona bomba lile kuwa ni dohani. Waliuliza ninachoma mkate gani, kama siku hizi gari langu linakwenda kwa kuni. Sikubishana na mtu. Ukishaanza kuwaeleza watu kwamba gari lako linapumulia kisogoni, hata nauli wanaanza kukupunguzia.

Jumamosi tulipakia Kabwe kukiwa kweupe kidogo tu. Magunia ishirini na nane, nikayahesabu tena ishirini na nane, akina mama kumi na wawili, wote macho. Lori la Haji lilikuwa limetangulia, Haji mwenyewe kakaa mbele.

Katikati ya mlima tulilikuta. Barabara pale ina upana wa kutosha, shemeji akapiga honi ya adabu, tukapita. Akina mama walipiga vigelegele mpaka nikaona aibu kwa ajili ya Haji, aibu fupi. Hakuna aliyeshuka. Yule mama wa Kabwe aligonga paa la kebini: "Mama Pikapu! Leo umetupandisha kama mabibi harusi!"

Tulipotokeza juu tukaingia kwenye ukungu na upepo wa Ufipa, ule unaopita katikati ya mifupa. Watu wa ziwani huwa wanausahau kila safari. Nikaanza kupiga hesabu ya saa za kufika, na ya pili ikakubaliana na ya kwanza. Ghafla mluzi ukakatika. Injini ikaguna mara moja, ikazima. Gari likasimama kimya, na kutoka nyuma ikasikika ile sauti ya kuita mtumbwi:

"Linanivua nguo! Jamani, gari linanivua nguo!"

Nilishuka nikakuta yule mama amesimama kwa gauni la ndani na kanga kiunoni, mikono yote miwili imeshika ncha ya kitenge. Ncha nyingine ilikuwa imeingia kwenye tarumbeta la bati.

"Ulikuwa unafanya nini hapo?"

"Nakausha! Kimelowa ziwani, nasikia baridi, nikasema nikipitishe kwenye dohani yako kipate joto."

"Hiyo si dohani, mama. Inavuta."

"Sasa ungesema! Umeona wapi kitu kiko juu halafu kinavuta?"

Hata mzee aliyelitengeneza alisema hivyo hivyo.

Shemeji akaleta kisu. Mama akakitazama kisu, akamtazama na shemeji. "Kitenge cha Zaire hicho. Kimevuka ziwa lote salama. Thubutu."

"Tunachelewa soko, mama," nikasema. "Tukikate, nitakufidia nusu."

"Nusu nitavaa upande gani?"

Tukaanza kuvuta, watu kumi na wanne kwenye mstari, shemeji mbele, mimi nahesabu moja, mbili, tatu. Wakati huo likatokeza lori. Lilipunguza mwendo, likaweka tairi moja kwenye majani, na Haji akatoa kichwa dirishani, kofia imenyooka.

"Poleni, akina mama. Mnaanua?"

"Pita, Haji!" kumi na wanne kwa pamoja.

Alipita. Tulipovuta mara ya saba kitenge kikatoka chote kwa mlio wa chupa kufunguliwa, tukaanguka chali mstari mzima. Kilikuwa kizima, chekundu kwa vumbi, na katikati kimening'iniza pete moja ya waya. Shemeji akapapasa ndani ya mpira: zimebaki tano. Akasema tano zinatosha tukienda taratibu. Mama akajifunga kitenge chake na vumbi lake, akaenda kukaa mbali kabisa na bomba, na akamweka karibu nalo yule wa kulala nyuma ya magunia, kwa amri ya kutofumba macho wala kuruhusu nguo yoyote kusogea.

Haji tulimkuta sokoni ameshashusha. Lakini jua lilikuwa bado halijafika utosini, na wafugaji walikuwepo, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Nikaangalia saa yangu, nikaangalia na ya mtu wa ushuru. Saa tano na robo. Magunia ishirini na nane yaliondoka kabla sijamaliza kuyahesabu mara ya pili, na kila aliyenunua alisimuliwa habari ya gari linalovua watu nguo. Wengine walinunua ili wasikie mwisho wake.

Mama wa Kabwe alipomaliza alikuja kwangu, bado mwekundu. Nilisimama wima kama mshitakiwa.

"Mlima sijashuka. Soko nimelikuta. Mizigo inabaki kwako."

"Ahsante, mama."

"Kwa doti mpya ya kitenge. Cha Zaire."

"Kile kimetoka kizima! Nitakufulia."

"Kimekuwa na harufu ya mashine."

"Nakupa kimoja, si doti."

Akageuka kulitazama lori la Haji. Aliligeukia pole pole, kama mtu anayeangalia nyumba anayofikiria kupanga. Mimi nimebishana na Wahindi, na Wanyakyusa, na watu wa ushuru, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyejadili bei kwa shingo tu.

"Doti," nikasema.

Pale mjini vitenge vya Zaire vilipatikana duka moja tu. Haji mwenyewe alinikunjulia, doti baada ya doti, kwa utaratibu wake wote. Niliomba punguzo akasikitika sana, kwa maneno mazuri, bila kupunguza hata senti. Nikachagua cha bluu. Akakipima kwa mkono, akakikunja, akanitazama juu ya miwani.

"Hiki cha kuvaa wewe, mama, au cha gari?"