Kidole cha Suvarthamma na Nguzo Ndefu

Mvua za huku kwetu, kando ya mto Godavari, ndizo zilizonilisha. Mwavuli ukivunjika nautengeneza, na ukishindikana kabisa nazitoa mbavu zake, nazisugua kwenye jiwe na kuchonga ndoano ndogo nchani. Ubavu wa mwavuli ukawa sindano ya kufumia. Kwa hiyo katika vijiji vya upande huu wa Narsapur sipiti mlango nisiitwe. Mchana wanawake wamekaa barazani, miguu wameinyoosha, uzi mweupe mapajani, na vidole vyao vinakwenda kama kuku anavyodonoa. Wanasengenya, wanakaripia mbuzi, na kazi haisimami.

Suvarthamma nilimjua tangu alipoolewa. Alikuwa mtu wa maua. Nasema hivyo kwa sababu kwetu kazi hii imegawanywa tangu enzi za bibi zetu: mmoja hufuma maua ya uzi, mwingine huyaunga maua hayo yawe kitambaa, wa tatu hutia pindo. Wakala huja na kikapu, huchukua maua kijiji hiki na kuyapeleka kijiji kile. Mtu wa maua hajui kuunga, na fundi wa kuunga hajui kufuma hata ua moja. Tulikuta hivyo, hakuna aliyeuliza.

Basi Suvarthamma alifuma maua miaka thelathini na mmoja. Ukiyatandaza yote pengine yangefunika mashamba ya mpunga kutoka kwake mpaka kanisani. Lakini kitambaa kizima hakuwahi kuwa nacho hata kimoja. Yalikwenda kikapuni, yakavuka bahari, basi.

Hilo halikumsumbua mpaka alipomwoza binti yake Karuna. Siku ya harusi mama mkwe wa Karuna, anaitwa Dayamani, mwanamke wa mdomo, alitazama vitu vya bibi harusi, akavigeuza, akauliza mbele ya watu, "Nyie si ndio watu wa vitambaa? Mbona sioni hata cha kufunikia mtungi?"

Suvarthamma alisikia uso unawaka. Akajibu bila kufikiri, "Ngoja mjukuu azaliwe, mkwe. Siku ya kuwekwa kwenye bembea atalalia kitambaa cha mkono wangu. Chote, mwanzo mpaka mwisho."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Karuna alikuja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo ada. Alizaliwa mtoto wa kike, mweusi mzuri, mwenye sauti kama ya muuza samaki. Siku ya ishirini na moja ndipo mtoto hulazwa kwenye bembea na wakwe huja kula. Suvarthamma alikuwa na maua kumi na sita tayari. Yalibaki kuungwa tu, na kuunga kunataka mshono unaoitwa nguzo ndefu.

Nguzo ndefu si kitu cha ajabu ukiitazama. Unazungusha uzi mara tatu kwenye sindano, unachomeka, unavuta kitanzi, kisha unashusha vitanzi viwili viwili mpaka kibaki kimoja. Inasimama yenyewe, nyembamba, ndefu, inatoka ua hili kwenda kushika ua lile. Mke wa wakala alimwonyesha mara moja tu, amesimama mlangoni, mwavuli mkononi.

Nilipopita siku ya nane nikamkuta barazani na kitu mapajani. Nikadhani ni kofia.

"Babu Miavuli, usicheke," akaniambia.

"Sijacheka."

"Macho yako yanacheka."

Kwa kweli kilikuwa kimejikunja kama kifuu. Nguzo zake zilikuwa fupi, zimebana, zinavuta maua yote katikati. Alikuwa amekifumua mara mbili, na uzi umeanza kuota manyoya.

"Ukimwagia mchuzi hapa haumwagiki," Karuna alisema kutoka ndani, anamnyonyesha mtoto. "Mama, mwambie mama mkwe ni bakuli la mtoto."

"Nyamaza, we! Kula kitunguu saumu chako upate maziwa."

Nikamwambia yuko mama mmoja ng'ambo ya mfereji, Nukaratnam, aliyeunga maua miaka arobaini. Sasa macho yake yameingia ukungu, haungi tena, lakini kichwa kiko palepale. Suvarthamma akasita. Watu wa maua huwaona watu wa kuunga kama mafundi wa kutia viraka, na watu wa kuunga huwaona wale wa maua kama mabibi wenye kujidai. Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Kesho yake akawaacha Karuna na mtoto kwa dada yake, akavuka. Mimi nilikuwa na mwavuli wa Nukaratnam wa kurudisha, tukaenda pamoja.

Nukaratnam alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mdogo, mkavu kama ukwaju wa mwaka jana. Hakuuliza jina. Alinyoosha mkono, akapewa kile kibakuli, akakipapasa. Vidole vikafika kwenye ua moja, vikasimama. Vikaenda ua la pili.

"Ala! Kumbe ni wewe!"

"Mimi nani, dada?"

"Wewe wa petali ya tano! Petali nne za kawaida, ya tano unaikaza kama unamnyonga mtu. Miaka ishirini nayaunga maua yako! Nilikuwa nakutukana kila asubuhi wala jina lako silijui."

"Wakala hakuwahi kunirudishia hata ua moja!"

"Angerudisha vipi? Mimi nilikuwa nayanyoosha kwa meno!"

Wakatazamana, kama mtu asiyeona anaweza kutazama, halafu wakaanza kucheka mpaka Nukaratnam akakohoa na mimi nikatumwa maji.

Baada ya hapo wakaanza kazi. Nukaratnam hafundishi kwa kuhesabu. Alichukua mbegu mbili za mpunga, akazisimamisha moja juu ya nyingine kwenye ukucha wa Suvarthamma. "Nguzo yako iwe hivi. Ikipungua, ua linalia. Ikizidi, ua linalewa." Akaniambia mimi nichonge sindano yenye shingo ndefu iliyonyooka, maana zile za maua zina shingo fupi, mizunguko mitatu inapandiana. Nikaichonga kutoka mwavuli wa mwalimu mmoja ambaye hakurudi kuuchukua.

Siku tano Suvarthamma alivuka mfereji. Siku tano akarudi na bakuli. Lilikuwa pana kidogo, lakini bakuli.

Siku ya kumi na nne alikitupa chini. "Nimeshindwa, dada. Nalegeza mkono kama ulivyosema. Nalegeza mpaka sindano inataka kuniponyoka. Nguzo inatoka fupi vilevile. Dayamani atakuja, atakuta mtoto kalalia kanga ya dukani, na kijiji kizima kitakumbuka nilivyojitapa."

"Lete mkono."

"Wa sindano?"

"Huo mwingine."

Nukaratnam alishika mkono wa kushoto, akapapasa vidole kimoja kimoja, kama anayechagua bamia sokoni. Kwenye kidole kidogo akasimama. Nami nikainama nikaona. Watu wa maua huzungusha uzi mara mbili kwenye kidole hicho ili ukaze, kwa sababu ua lililolegea wakala hulikataa. Miaka thelathini na mmoja uzi ulikuwa umechimba mfereji kwenye nyama ya Suvarthamma, mfereji mgumu kama kwato. Uzi ukiingia humo hautoki kwa hiari. Angelegeza mkono, angelegeza bega, kidole kingeendelea kushika.

"Mkono wako umeshakubali," Nukaratnam akasema. "Huyu mdogo hapa ndiye bahili. Hakusikia habari."

"Nimkate?"

"Umkate uje kulia hapa? Mvalishe."

Mlangoni palining'inia ganda kavu la mgomba, lile ambalo kijukuu chake hulichana nyuzi za kufungia mashada ya maua ya nywele. Nukaratnam akachana kipande chembamba, upande wa ndani unaoteleza, akakizungusha kwenye kidole juu ya ule mfereji, akakifunga. "Sasa pitisha uzi mara moja tu. Usimfikirie. Mfikirie mpunga."

Suvarthamma akazungusha mara tatu, akachomeka, akavuta. Uzi uliteleza juu ya lile ganda kama maji juu ya jani la myugwa. Akashusha viwili, viwili, viwili, kisha viwili vya mwisho. Nguzo ikasimama. Akaipima kwa mbegu mbili. Ikalingana.

Alifuma ya pili, na ya tatu, na alipofika ya kumi Nukaratnam akamuuliza, "Mbona kimya? Umekufa?"

"Niache, dada. Naogopa huyu mdogo ataamka."

Alifumua nguzo zote mara ya mwisho akaanza kuunga upya. Siku ya ishirini kiliungwa, kikafuliwa, kikachovywa maji ya wali, kikavutwa na kubanwa kwa miiba juu ya mkeka karibu na jiko, kwa sababu nje mvua ilikuwa haikati. Asubuhi kililala juu ya mkeka sawasawa. Karuna aliweka bilauri ya maji katikati, ikasimama.

Wakwe walikuja wamelowa nusu, na ndizi na vikuku vya fedha. Nukaratnam alivushwa na mtumbwi, akakalishwa karibu na bembea. Dayamani hakwenda kwenye chakula kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa, akakigeuza nyuma, akatafuta. Akatafuta tena.

"Maua ni yako, mkwe. Hilo najua. Aliyeunga nani?"

Suvarthamma akainua kidole kidogo. Lile ganda la mgomba lilikuwa bado limefungwa, alisahau kulitoa.

"Umeumia?"

"Nilikuwa naumwa zamani," akasema. "Nimepona."

Dayamani alikigeuza kile kidole kama alivyokigeuza kitambaa, akakiachia. Kisha akamchukua mtoto mwenyewe, akamlaza juu ya kitambaa, na wanawake wakaanza kuimba wakivuta kamba ya bembea. Walikuwa hawajafika mbali mtoto akakojoa.

"Yesu wangu!" Dayamani akaruka. "Kitoeni! Kitoeni haraka, kitaharibika kitu kizuri hivi! Kikunjeni kiwekwe sandukuni!"

"Kiacheni," Suvarthamma akasema, naye akaizuia bembea kwa mkono. "Mkwe, maua yangu yote yaliondoka hapa safi, sikuyaona tena. Hiki kitachafukia hapahapa."

"Na petali ya tano?" Nukaratnam akauliza kutoka kwenye kona yake.

"Iko vilevile, imekazwa. Kwa ajili yako."

Jioni mvua ilipokata nilipita na baiskeli yangu nikakiona kwenye kamba, kimefuliwa, maua kumi na sita na nguzo zake ndefu, upepo unapita katikati. Chini yake Karuna alikuwa amechuchumaa na ile sindano niliyoichonga mkononi, anazungusha uzi, anahesabu kwa sauti, na mama yake ndani anapiga kelele, "Tatu! Nimesema tatu, sio mbili!"